Vichaka vya Mpakani

Kavuo hakuwa mtu wa kuficha dharau. Wengine huificha nyuma ya salamu na "Mungu akubariki", wakaja kuifungua jikoni na mashoga zao. Yeye aliianika hadharani kama maharagi. Alimdharau padri kwa mahubiri marefu, akawadharau wanawake waliosuka nywele ambazo hazikuota kichwani mwao, akawadharau wakulima wa Oicha kwa kupanda kakao, zao ambalo, kwa maneno yake, "hata njaa ikukamate, hauwezi kulipika." Lakini dharau yake iliyoiva, ile aliyoamka nayo kila asubuhi kabla ya chai, ilikuwa ya Éliakim, mtoto wa marehemu kaka yake Gérard.

Kosa la kwanza lilikuwa la Gérard mwenyewe. Alilikimbia jembe la kwao Musienene akiwa kijana, akaenda Beni kuuza mafuta ya taa, na mtoto akazaliwa hukohuko Beni, mtaa wa Mulekera, akakulia kati ya vibanda na pikipiki. Mtoto naye akawa muuza vipuri. Vita vilipoichosha Beni, akahamisha duka lake Butembo, akatajirika, akajenga nyumba ya ghorofa, kisha akamwaga sima, ile saruji ya kujengea, ua mzima, kutoka getini mpaka chooni. Juu ya sima akapanga vyungu vya maua ya plastiki. Getini akaweka simba wawili wa saruji, mmoja ana uso wa mbuzi.

Kavuo alipoitwa kuiona nyumba hiyo, alizunguka ua mikono nyuma, midomo ameibetua, akafyonya mara moja tu. Iliwatosha wote waliokuwapo.

Cha ajabu, mwenye nyumba naye hakuonekana kuifurahia. Alimvuta shangazi yake mpaka kwenye dirisha la chumba chake cha kulala.

"Tantine, asubui hapa nasikia tu mapikipiki na jenereta. Ndege hata moja haikuyake."

"Ikuye kufanya nini? Kula sima?"

Éliakim hakukasirika. Hicho nacho kilikuwa kimojawapo cha vitu alivyodharauliwa kwavyo: hakujua kukasirika. Akaeleza kwamba, nje ya geti, alikwisha kupanda maua yaliyotoka Kampala, na majani ya kukata, na miti ya sipre iliyonyolewa ikawa mviringo, na ndege walipita juu bila kuteremka. Basi akaanza kuwatazama ndege wenyewe, wapi wanatua, wapi wanapita, na akagundua kwamba wanataka vichaka vya kwao, vile vilivyozoea mvua ya huku tangu zamani.

"Kule kwako, siku ya matanga ya baba Luc, niliona tundege tunajaa ndani ya vile vichaka ya chini, kule kwa muto. Tunakunywa maua, tunakula matunda. Minataka kuvunja sima hii ya upande wa dirisha, nipande yenyewe."

Siku ya matanga! Kavuo alimzika mumewe siku ile, alilia mpaka sauti ikamkauka, na huyu alikuwa amekaa juu ya jiwe anatazama ndege. Mwanamume mzima, mwenye watoto wa chuo kikuu! Kwa Kavuo, ndege walikuwa wa aina mbili: anayekula mtama wako, na ambaye bado hujamnasa. Wiki iliyofuata, sokoni Musienene, aliisimulia habari hiyo huku akipima viazi, na kila mteja aliondoka na viazi na kicheko.

Sasa, vichaka vyenyewe. Kila mtu wa milima ile anavijua: shina jembamba lililosimama wima, majani marefu yenye ncha, maua meupe yanayonukia jua likizama, na matunda madogo ya rangi ya machungwa. Ni miti ya mpaka. Mababu waliichagua kwa sababu haifi. Ukikata kijiti ukakichomeka ardhini kinaota, hata kama umekichomeka kichwa chini kwa ulevi. Pale ilipo ndipo jembe lako linapokoma na la jirani linapoanzia. Hakuna hati, hakuna muhuri. Watu wa Musienene wanaweza kupigana, kulogana na kunyimana maji, lakini mti wa mpaka haung'olewi, hata mwizi wa kuku hupita kando yake kwa adabu.

Na ile ya Kavuo ililinda kitu kikubwa. Shamba lake la chini lilikuwa karibu na kijito. Udongo wake ulikuwa mweusi, wenye maji, na wakati wa kiangazi, wenzake walipokuwa wakilima vumbi, yeye alivuna maharagi mabichi. Luc alimwachia hilo, nyumba ya udongo na shamba la juu, basi. Shamba la juu lilikuwa mawe. Bila lile la chini, Kavuo angekula kwa kuomba, na kwa mdomo wake ule, nani angempa?

Éliakim alifika siku ya Alhamisi na lori dogo na vibarua wawili wenye majembe. Kavuo alikuwa amekaa uani na majirani, wanachambua maharagi. Mpwa akainama, akasalimia vizuri, akaulizia afya ya kila mmoja, kisha akauliza:

"Tantine, vile vichaka nilikuambia, naweza kuchukua?"

Kavuo hakuinua macho. "Duka lote lile, na bado unaomba majani?"

"Minataka yenye iko tayari na maua. Kijiti kitakawia sana mbele ya kuchanua."

"Chukua."

"Yote, tantine?"

"Yote!" Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kucheka, na Kavuo aliposikia kicheko hakujua kukiacha njiani. "Chukua yote, na mizizi, na udongo yake! Ulalishe kwa kitanda katikati yako na bibi yako, ndege bakuyage kubaimbia!"

Wakacheka mpaka maharagi yakamwagika. Éliakim akacheka nao kidogo, akashukuru, akateremka.

Kusema kweli, Kavuo angeweza kusimama. Lilikuwa jambo la kuteremka mteremko mmoja na kumwonyesha: huu ni mpaka, usiuguse, kata vijiti hapa na hapa. Tena alijua, maana si mjinga, kwamba mtoto wa Mulekera hakufundishwa mambo hayo. Lakini kumweleza mtu ni kumhesabu kuwa mtu, na yeye hakuwa tayari kumpa Éliakim heshima hiyo mbele ya majirani. Akabaki ameketi. Alisikia majembe yakigonga huko chini, akasema, "Sikieni, anachimbia kijiti kaburi," wakacheka tena. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Lori likaondoka kwa njia ya bondeni, na yeye hakuliona limebeba nini.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Ilipokatika, Kavuo akabeba jembe akateremka kwenye maharagi yake.

Mwanzoni hakujua kilichokosekana. Aliona tu kwamba pamekuwa peupe kupita kiasi, na kwamba Nzanzu, jirani yake wa upande wa kijito, alikuwa karibu naye kuliko alivyopaswa kuwa. Nzanzu alikuwa mtu wa sauti laini, mwimbaji wa kwaya, hamaki hana, na kwa miaka mingi alilitazama shamba lile jinsi mtu anavyoitazama nyama ya mwenzake. Alikuwa na wanawe watatu, wanalima kwa mstari. Mashimo ya vichaka yalikuwa yamekwisha kufukiwa, na nyuma yao udongo ulikuwa laini, umesawazishwa, hauna alama yoyote.

"Jambo, mama Kavuo," Nzanzu alisema.

"Jambo ya nini? Uko unalima wapi?"

"Kwangu."

"Kwako inaishia pale, kwa..." Kavuo alinyoosha kidole, na kidole hakikupata pa kutua.

"Kwa wapi, mama?" Nzanzu aliuliza kwa upole wote. "Unionyeshe muti, nitasimamia pale."

Kavuo alimwita mwizi, akamwita fisi wa kwaya, akaitukana sauti yake ya kuimbia na miguu ya baba yake. Nzanzu aliendelea kulima. Wanawe walikuwa wanaficha meno.

Siku hiyohiyo Kavuo alipanda pikipiki mpaka Butembo, matope mpaka magotini, na njia nzima dereva alisikiliza habari za Éliakim bila kuuliza. Getini hakubisha, akasukuma. Akamkuta mpwa wake amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, pale alipovunja sima. Vichaka vilisimama kwenye udongo mpya, vimemwagiwa maji, majani yamelegea kidogo lakini maua yako wazi. Nyuki walikuwa wamejaa. Na kwenye shada moja alining'inia chozi, ndege mdogo wa kijani mwenye mdomo mrefu uliopinda, kichwa chini, anakunywa.

Éliakim aliinua kidole midomoni. "Sss, tantine. Angalia."

Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumnyamazisha Kavuo. Chozi akaruka, akageuka, akarudi kwenye maua yaleyale.

"Ni mupaka," Kavuo alisema alipopata sauti.

"Nini?"

"Hivi! Ni mupaka ya shamba yangu, wewe mupumbavu! Umeng'oa mupaka! Nzanzu iko mpaka ndani ya maharagi yangu!"

Éliakim alisimama taratibu. "Mais tantine, ulisema nichukue yote."

Kavuo alilipiga teke neno hilo. "Mutoto gani wa kabila ya Nande anang'oa mupaka? Hata mbuzi inajua!"

"Kwetu Mulekera mupaka ni borne, nguzo ya sima, inatoka kwa cadastre, biro ya kupima mashamba. Nilitafuta borne, sikuona. Nikasema, basi, ni kichaka." Alijifuta uso. "Hakuna mutu aliniambia, tantine. Ningejua namna gani? Ngoja, niite lori, turudishe yote leo."

"Kurudisha wapi? Muti iko na kichwa ya kukumbuka? Utaweka hapa, Nzanzu atasema ilikuwa kule."

"Mimi minakumbuka pahali yake."

"Wewe!"

"Minakumbuka, tantine."

Kavuo alimtazama kuanzia viatu vilivyong'arishwa mpaka tumbo, na kama kungekuwa na mtu mwingine yeyote duniani angemwacha hapo hapo na ndege wake. Lakini Luc alikuwa amekufa. Majirani zake hawakuwahi kulima chini kule, na neno lake peke yake lisingetosha mbele ya wana watatu wa Nzanzu. Vibarua walikuwa watu wa kuokotwa barabarani, wamekwisha kwenda kusikojulikana. Aliyeviona vile vichaka kwa makini mahali vilipokuwa, na angeweza kusema, alikuwa mmoja tu. Shamba lote lilining'inia kwenye mdomo wa mtu ambaye Kavuo alimfanya kichekesho cha soko zima.

Kapita wa kijiji, mzee Ézéchiel, aliitisha kikao palepale shambani. Watu walikuja wengi. Kesi ya mpaka inapendwa kuliko harusi, maana kwenye harusi hujui mapema nani atalia. Éliakim alileta mbuzi wa faini kwa kosa la kung'oa, pamoja na madumu mawili ya kasiksi, pombe ya ndizi, na vichaka vikiwa juu ya lori vimefungwa mizizi kwa magunia yaliyolowa. Alikuwa amevaa buti za mpira za manjano, mpya kabisa, karatasi ya dukani bado imebandikwa kisiginoni. Kavuo aliiona, akageuza uso.

Nzanzu alisema mpaka ulikuwa pale jembe lake lilipofika. Wanawe wakasema ndiyo, mmoja baada ya mwingine. Éliakim akaitwa.

Na Éliakim, kwa mshangao wa wote, alisema vizuri. Hakubabaika. Alipanda juu ya jiwe kubwa lililo kona ya shamba, akaonyesha bonde kwa mkono.

"Baba kapita, siku ya matanga nilikaa hapa juu ya jiwe hii, mpaka magaribi. Kichaka ya kwanza, yenye ilikuwa na maua mingi, ilifunika mulango ya kanisa kule ng'ambo. Mulango hauonekani, lakini madirisha unaona. Ya pili ilikuwa nyuma yake kabisa, na ingine nyuma. Yote ilisimama mustari moja. Donc ukitoka hapa kwa jiwe, uende mbele sawa na ule mulango, ule mustari njo mupaka."

Ézéchiel akapanda juu ya jiwe, akakunja macho, akautazama mlango wa kanisa, akashusha macho shambani. Mstari ule ulipita mbali na jembe la Nzanzu. Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali. Mwingine akasema, "Inaweza." Ilikuwa kweli, kweli tupu. Luc mwenyewe aliwahi kumwambia kwamba baba yake alipanda kwa kulenga mlango wa kanisa.

Nzanzu hakupandisha sauti. "Kapita, niulize kitu moja. Kaka Éliakim, siku nzima ya matanga ulikaa juu ya jiwe. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia ndege."

Kicheko kidogo, kama cha mtu anayekohoa, kilitoka nyuma.

"Ndege," Nzanzu alisema. "Mama Kavuo, huyu njo ulituambia kwa soko, ukimutuma chumvi analeta sabuni? Njo shahidi yako leo?"

"Nilisema tu," Kavuo alijibu. "Mutu anasemaka."

"Sawa, mama. Kaka, hiyo ndege ilikuwa namna gani?"

Mtu mwenye akili angemwambia Nzanzu aulize habari za mpaka. Éliakim alifurahi kuulizwa. Uso ukamfunguka, akasahau kesi, akasahau shamba, akawaeleza.

"Kadogo! Ka majani majani, mais jua ikikapiga kanang'aa. Kanashika ua na miguu, kichwa chini, kanafanya hivi..." Na palepale juu ya jiwe, na tumbo lake, na buti zake za manjano, akainama, akachongoa midomo, akatingisha makalio. "Kanakunywa. Kisha kanaruka, trrr, kanarudia!"

Bonde zima lilipasuka. Wazee walishikana mabega. Wana wa Nzanzu walianguka chini. Na katikati ya kelele hiyo ilisikika sauti moja kuzizidi zote, kali, iliyozoeleka, inayojulikana na soko zima, ikitoka tumboni bila kuomba ruhusa. Kavuo alikuwa anacheka. Alijaribu kuikamata kwa kitenge mdomoni, lakini hicho kilikuwa kicheko cha miaka mingi, kilikuwa na njia yake. Alicheka mpaka machozi, mpaka akashika kiuno. Aliponyanyua kichwa, wengine wote walikuwa wamenyamaza, wanamtazama.

Éliakim alikuwa bado juu ya jiwe. Mikono ilikuwa imemshuka.

Mzee Ézéchiel aliteremka polepole, akajipangusa suruali.

"Mama Kavuo," alisema, "nilitaka kukuuliza wewe, kwa sababu iko damu yako: huyu ni mutu wa kuaminia? Kama ungesema ndiyo, ningekamata neno yake. Lakini umekwisha kujibu."

"Kapita, hapana," Kavuo alisema. "Hapana kamata kicheko. Anasema kweli. Kwa kanisa, kwa mulango..."

"Unaniomba nihukumu na neno ya mutu mwenye wewe mwenyewe unacheka?"

Kavuo alinyoosha kidole kwenye mlango wa kanisa, lakini mzee alikwisha kugeuka.

Vichaka vilishushwa kwenye lori vikapandwa pale Nzanzu aliposema. Mstari ulikata katikati ya maharagi, ukauacha udongo mweusi wote upande wa kijito, kwa Nzanzu. Desturi inataka majirani wawili washike mti wa kwanza pamoja wakati mzee anashindilia udongo, na Kavuo akaushika. Mkono wa Nzanzu ulikuwa na joto, na alimwomba radhi kwa kumkanyaga mguu. Kisha watu wakaiendea kasiksi.

Éliakim alibaki. Alikuwa ameketi kwenye majani, anakwangua tope kwenye buti kwa kijiti, na hakuinua kichwa Kavuo alipokaribia.

"Tantine, nilikuwa nasema kweli."

"Najua."

Kijiti kikasimama. "Ulijua leo, ao ulijua wakati ulikuwa unacheka?"

Kavuo angeweza kudanganya. "Wakati nilikuwa nacheka," alisema.

Éliakim alimtazama, na usoni mwake hamkuwa na hasira hata sasa, ila kitu ambacho Kavuo alikijua vizuri sana, kwa kuwa alikuwa amewagawia wengine maisha yake yote, na hakuwahi kukiona kikielekezwa kwake. Kisha akasimama, akapanda lori, akaondoka bila kumuaga.

Kapita alikuwa amempa Kavuo muda mpaka jioni kuvuna kilichokuwa chake ng'ambo ya mstari. Maharagi bado yalikuwa machanga, maganda hayajajaa. Kavuo alivuka mpaka mpya, akafunga kitenge kiunoni, akaanza kuyachuma hivyohivyo.